Faluda ya Idi na Wapishi wa Miaka Mitatu

Mkesha wa Idi hapa Ngamiani, Tanga, hauna jiko lililopoa. Katika barabara zote zile za namba, ua huu wanakuna nazi, ua ule wanatwanga hiliki, na kaimati za kuonjea zinaisha kabla hata mwezi haujatangazwa. Sauti inayosikika kuliko zote ni ya kuwafukuza watoto: "Tokeni hapo, mtaungua!" Wanatoka kwa mlango wa mbele, wanazunguka, wanaingilia wa nyuma. Mwaka nenda mwaka rudi ni hivyo, na wala hatuoni ajabu kwamba wanaoisubiri Idi kwa hamu kuliko sisi sote ndio pekee wasiokuwa na kazi siku hiyo.

Kwangu watoto wana kazi. Wajukuu zangu wawili, pamoja na mtoto wa jirani ambaye siku hizi nimeacha kumhesabu kuwa mgeni, ndio wanaotengeneza faluda ya sinia la Idi. Mkubwa wao alipoanza alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Mdogo alikuwa bado anaita kila kitu cheupe "maziwa", pamoja na chokaa ya ukutani. Nasema faluda kwa maana ya hapa kwetu pwani: siyo ile ya kwenye bilauri yenye barafu na tambi, bali maziwa yaliyochemshwa na sukari, hiliki na zile nyuzi nyepesi za mwani zinazouzwa dukani kwa jina la chaina grasi, yakamiminwa kwenye sinia, yakaganda, yakakatwa vipande. Haihitaji tanuri wala mafuta ya kurukaruka. Na ina tabia moja ambayo niliijua kazini miaka mingi kabla sijawaza kwamba ingenifaa kwa watoto.

Nilikuwa mtu wa maabara ya hospitali mpaka nikastaafu. Asubuhi zangu nyingi ziliishia kwenye kumimina agari. Agari ndiyo hiyo hiyo chaina grasi, ila ya maabara imesafishwa zaidi, na badala ya sukari na hiliki inatiwa mchuzi wa nyama au damu ya kondoo ili vijidudu vipate cha kula. Unaichemsha iyeyuke, unaiacha ipoe, unaimimina kwenye visahani. Ukiimimina ya moto sana, mvuke unafanya matone kwenye kifuniko na kuharibu kazi. Ukichelewa, inagandia ndani ya chupa. Vipimajoto vilikuwepo, lakini wakubwa wetu walitufundisha kupima kwa mwili: shika chupa kwa kiganja kizima, na ukiweza kuishikilia bila kuihamishia mkono wa pili, mimina. Hapo huwa imeshuka kwenye nyuzi 50 hivi.

Tabia yenyewe ni hii. Agari haiyeyuki mpaka ikaribie nyuzi 85 za Selsiasi, lakini ikishayeyuka haigandi tena hadi ishuke kwenye 40 au chini yake. Barafu huyeyuka na kuganda kwenye joto lile lile. Agari imeacha pengo kubwa katikati, na sehemu ya chini ya pengo hilo ni maji ambayo yamekwisha kupoa vya kutosha kuwa karibu na mkono wa mtoto, na bado hayajaganda. Watoto wangu wanapikia hapo, kwenye dakika hizo chache.

Nimeithamini zaidi tabia hiyo tangu Idi ile ambayo binti yangu alishuka kutoka Dar es Salaam na maboksi ya jeli ya unga, nyekundu na kijani, na vikopo vya umbo la nyota na mwezi mwandamo. Alikuwa ameona picha mahali, watoto wamevaa aproni ndogo, jeli zimesimama wima mezani zinang'aa. Jeli ya boksi huganda kwa jelatini, inayotolewa kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, kwa hiyo shughuli ilianza kwa mkutano. Mama mkwe wake alivaa miwani akalisoma boksi pande zote sita kutafuta ni mnyama gani. Sikumlaumu, maana nguruwe ni chanzo kikubwa cha jelatini duniani. Boksi lilisema ng'ombe, halali, likapita.

Halafu ilikuwa Machi. Machi ya Tanga, nyuzi 32 kivulini, upepo wa kaskazi umeshachoka na masika bado hayajaingia. Jelatini hulegea hata kabla ya kufikia joto la mwili wa mtu. Ndiyo maana inayeyukia ulimini, na kwa watu wa nchi za baridi huo ndio utamu wake. Kwetu sisi inayeyukia mezani. Umeme ulikatika adhuhuri, friji ikawa kabati. Na juu ya yote, watoto walikuwa wamepewa vipande vya nanasi bichi wavidondoshe ndani, kazi ambayo waliifanya kwa bidii isiyo kifani. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokatakata protini, na jelatini ni protini tupu. Papai nalo ni hivyo hivyo, kama anavyojua kila aliyewahi kulainisha nyama ngumu kwa kuisugua kwa papai bichi. Hata friji ingekuwa nzima, ile jeli isingeshikamana.

Saa kumi jioni tulikuwa na vikopo vya maji matamu mekundu yenye nanasi. Watoto waliyanywa, wakaomba tena. Wao hawakuona kasoro yoyote. Aliyekuwa na machozi ya karibu ni mama yao.

Nilimtazama binti yangu siku ile nikaona jambo ambalo nimeendelea kulitazama tangu hapo kwenye majiko ya wengine. Ukali tunaowatolea watoto jikoni mara nyingi hauwahusu wao. Tumechagua chakula kisichosamehe, tukakiweka mbele ya watu wanaokosea kila baada ya dakika moja, kisha tunawagombeza wao. Keki haisamehe: ukikoroga kupita kiasi imekwisha. Mafuta ya moto hayasamehe kabisa. Faluda inasamehe karibu kila kitu. Mdogo wetu aliwahi kuchukua kikombe cha maziwa ya baridi akayamwaga kwenye sufuria ya agari iliyokuwa tayari, na papo hapo pakawa na mabonge meupe yanayoelea. Ingekuwa keki, angesikia maneno. Nikairudisha sufuria motoni, ikachemka, mabonge yakapotea, tukaendelea. Unaweza kuiyeyusha tena hata baada ya kuganda sinia zima.

Zamani kabla ya binti yangu, jelatini inayoyeyuka ilimsumbua mwanamaabara mmoja wa Kijerumani. Mwaka 1881 Walther Hesse alikuwa akifanya kazi Berlin, katika maabara ya Robert Koch, na jelatini waliyokuzia vijidudu ilikuwa ikiyeyuka wakati wa joto, achilia mbali vijidudu vyenyewe kuila. Akamuuliza mkewe, Fanny, kwa nini jeli na pudini zake hazilegei kiangazi. Fanny Hesse, aliyezaliwa New York, alikuwa amejifunza agari kwa jirani wa Kiholanzi aliyewahi kuishi Java, kisiwa ambako watu wanaijua tangu kale. Koch akaitaja agari katika kazi yake ya 1882 juu ya kifua kikuu. Mama wa watu hakutajwa. Koch huyo huyo baadaye alifika kwetu huku. Mwanzoni mwa karne ya 20 alifanya kazi Amani, juu ya Muheza, kwenye kituo cha utafiti ambacho Wajerumani walikianzisha mwaka 1902. Nikipita njia ya Muheza huwa nawaza ni vijidudu vingapi vilivyohesabiwa kule mlimani kwa sababu mama mmoja alijua kupika kitindamlo.

Basi, kazi zenyewe zinavyogawanywa.

Moto ni wangu. Sipokei msaada wala ushauri. Siku ya mkesha, watoto wakiwa bado chumba kingine, naloweka gramu 10 za nyuzi kwa lita moja ya maziwa, au chini kidogo nikitaka iwe laini, na nachemsha nyuzi peke yake kwenye maji mpaka pasionekane uzi hata mmoja. Hapa ndipo wengi wanapoharakisha, wakaja kulalamika kwamba imeganda juu na chini maji. Uzi usioyeyuka haugandishi kitu. Kisha natia maziwa ya moto, sukari, hiliki. Naepua.

Sasa sufuria inawekwa ndani ya beseni la maji ya vuguvugu. Hii nimeihamisha kutoka kazini kwangu moja kwa moja: maabarani chupa za agari hukaa kwenye maji ya nyuzi 50 zisubiri zamu yake, na beseni la plastiki linafanya kazi ile ile kwa muda mfupi zaidi. Linaurefusha muda wa watoto. Napima kwa kiganja kama zamani, halafu nasubiri tena kidogo, kwa sababu kiganja changu kimezoea na ngozi ya mtoto wa miaka miwili ni nyembamba; nyuzi 50 ni nyingi kwake. Ikifika mahali naweza kulituliza bakuli la faluda hiyo shavuni bila kufikiri, naita.

Wanaingia mbio. Mkubwa anamimina kwa kikombe cha plastiki kilichojaa nusu, kwa mikono miwili, ulimi umetoka nje pembeni. Mdogo kazi yake ni uma. Faluda yetu ina matabaka mawili au matatu ya rangi, na tabaka la chini likishaganda uso wake unakuwa laini mno, la juu litateleza wakati wa kukata. Kwa hiyo linahitaji kukwaruzwa taratibu kwa uma, mistari mistari, ndipo la pili limiminwe. Sijui kama kuna kazi nyingine jikoni ambayo mtoto wa miaka miwili anaifanya vizuri kuliko mtu mzima, lakini hii ni yake. Mimi nikikwaruza nawahi kumaliza. Yeye anakwaruza kila pembe, anarudia, anakwaruza na ukingo wa sinia.

Mtoto wa jirani ndiye mkaguzi. Anagusa kwa kidole kuona kama imeganda. Mara ya kwanza aligusa ikamwacha kidole kimelowa. Akagusa tena, tena, na mara moja kidole kikarudi kikavu. Akanitazama kwa mshangao. "Bibi, imelala!" Tangu siku hiyo nyumbani kwetu faluda hailali ila kwa ruhusa yake, na wakubwa wanauliza bila kucheka: imelala au bado? Dakika ngapi zilipita, kumi, kumi na tano? Ni muda ambao mtoto wa umri ule huwa hawezi kuukaa kwa hadithi wala kwa katuni, na aliukaa kwa sababu kulikuwa na kitu kinachobadilika mbele ya macho yake na kidole chake kilikuwa na ruhusa ya kukiuliza.

Huwa nasikia wazazi wakisema watoto wa siku hizi hawana subira. Inawezekana. Lakini na sisi tunawapa vitu gani vya kusubiri? Pilau inapikwa mlango umefungwa, nguo zinakaa kabatini, baba yuko njiani anakuja. Hivyo vyote ni vya kusubiri kwa kusadiki tu. Pudini ya jelatini nayo inakwenda kujificha ndani ya friji usiku kucha. Faluda inaganda mezani mchana kweupe.

Kuna jambo moja ambalo halina mzaha, nalo linatokana na tabia ile ile ninayoisifu. Kwa kuwa agari haiyeyuki mdomoni, kipande kigumu cha mviringo kinaweza kuziba koo la mtoto na kikabaki vilevile. Mwaka 2004 Umoja wa Ulaya ulizuia vile vikopo vidogo vya jeli vinavyofyonzwa kwa mara moja, vilivyogandishwa kwa agari na viungo vingine vya mwani au vya gundi, kwa sababu vilikuwa vimewapalia watoto. Kwa hiyo kwangu hakuna vikopo wala tufe. Sinia tu, na faluda isiyozidi unene wa kidole cha mtoto mwenyewe, laini kiasi cha kupondeka kwa kijiko. Mwezi tunaukata kwa kifuniko cha kopo, ukitoka kwa kukata duara mara mbili. Chini ya miaka mitatu naikata tena vipande vidogo vidogo. Na kula ni kwa kukaa kitako mkekani. Idi ina watoto wengi wanaokimbia na kitu mdomoni, na mimi nimefanya kazi hospitali.

Watu huniuliza kwa nini tununue nyuzi za mwani kutoka Bara la Asia wakati pwani yetu imejaa mwani. Swali zuri. Mwani unaolimwa huku, Unguja na Pemba, na kwa upande wetu kule Mkinga, hautoi agari bali ndugu yake, karajinani, ile inayoingia kwenye aiskrimu na dawa ya meno. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliutafiti mwani wetu tangu miaka ya 1970, na kilimo cha biashara kikaanza mwaka 1989 pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani. Wanaoingia majini kuufunga kwenye kamba ni wanawake kwa sehemu kubwa, na wengi wao wameuza magunia kwa magunia bila kujua ladha yake.

Wifi yangu wa Mkinga aliniletea mkono mmoja wa mwani mkavu, mgumu, umejaa chumvi. Tuliuloweka na watoto. Hilo peke yake lilikuwa mchezo wa asubuhi nzima, kwa sababu mwani mkavu ukipata maji unanyooka na kufura na kuteleza, na mtoto hachoki kukamua kitu kinachoteleza. Tukabadilisha maji tena na tena kuutoa bahari. Nikauchemsha kwenye maziwa taratibu, nikachuja kwa kitambaa. Haikuwa ya kukatwa kwa kisu. Ilikuja laini, ya kijiko, inatikisika. Wifi alionja akasema, "Kumbe hiki ndicho wanachokifuata." Akala bakuli lote. Watoto walikula pia, ila mdogo alisema ina samaki. Hakukosea sana.

Krismasi huwa tunarudia. Jirani zetu wa ukuta mmoja ni Wabondei wa Muheza, na sahani zimekuwa zikivuka ukuta ule toka enzi za mama yangu: pilau ikienda, sahani haikuwahi kurudi tupu. Faluda ya Desemba ni nyekundu, nyeupe na kijani, na mkaguzi wetu ndiye mwenyeji.

Rangi ndiyo vita vyetu vya sasa. Binti yangu hataki rangi za chupa, na katika hili nipo upande wake. Waridi tunapata kwa bitiruti. Njano ni zafarani, au bizari ya manjano kidogo sana mfuko ukiwa mwepesi. Kijani ni maji ya mchicha, na kwa hiliki ya kutosha hakuna mgeni aliyewahi kugundua. Machungwa ya Muheza yanatoa rangi na harufu, mradi juisi iingie baada ya kuepua, kwa sababu ukichemsha agari pamoja na tindikali inashindwa kushika. Ukwaju umetushinda kwa sababu hiyo hiyo, tuliunywa.

Lakini mjukuu mkubwa, ambaye sasa ana maoni, ameagiza bluu kwa Idi kubwa. Kama bahari, anasema, na si bahari ya Raskazone jioni, ile ya asubuhi. Wauzaji wa soko la Mgandini wamenicheka. Matunda ya bluu hawana. Nikakumbuka kabichi ya zambarau. Ukiichemsha, maji yake ni zambarau. Ukitia ndimu yanakuwa mekundu, na ukitia soda ya kuokea kidogo yanageuka bluu. Tulikuwa tukiwaonyesha hivyo wanafunzi waliokuja kutembelea maabara. Nikapata kichwa kimoja kati ya mboga za Lushoto, nikajaribu kwenye bilauri, na bluu ikatoka kweli, bluu ya kutisha. Nikaigandisha kwa maji ya dafu badala ya maziwa ili rangi isififie.

Mkaguzi akagusa, akathibitisha imelala. Mwenye kuagiza akainusa, akarudi nyuma hatua moja. "Bibi, hii ni kachumbari." Nimeongeza maji ya waridi, nimeongeza hiliki, na kabichi bado inashinda. Kutoka Idi ndogo mpaka Idi kubwa kuna karibu siku sabini, na nusu ya kabichi ipo.